Waliozaliwa mu Mikono Yetu

Mweso, siku ya ine, tarehe 10 Machi 2022

Kwa mutoto wa kaka yangu, Uwizeye,

Nakusalimia kwa upendo, nikiomba Mungu barua hii ikukute muzima kule mu pori ya Walikale. Siye huku tuko. Baba yako Karangwa nilimuona siku ya posho, Jumamosi, kule Muheto. Mugongo ulikuwa unamusumbua, lakini ng'ombe yake ya madoa imezaa jike, na tangu hapo haongei tena mambo ya mugongo. Mvua imeozesha viazi vya bondeni, vya juu vimepona. Mama yako anauliza kama koti alilokutumia lilifika, kwani hukusema kitu.

Sasa nikueleze neno lililonisukuma kuandika. Wiki jana tulimuzika Papa Dusabimana, yule aliyegawa dawa miaka arobaini. Wakati wa kunyanyua sanduku, wanaume wa chama chetu walikuwa wane, na Papa Valens wa laboratwari anatembelea fimbo. Tukaangaliana. Papa Mbonigaba, aliyekuwa shofa wa ambulansi, akasimama njiani na kusimamisha vijana wa pikipiki. Walikubali, Mungu awabariki, lakini walibeba wakiulizana: "Muzee huyu alikuwa nani?"

Swali hilo limekataa kunitoka.

Unajua chama chetu, Tupumzike Pamoja. Tulipokianza tulikuwa watu wa retrete, waliomaliza kazi, makumi tatu na moja: wauguzi, wazalishaji wa wamama, watu wa laboratwari, mashofa. Kila siku ya ine, Alhamisi, tunakutana mu sale, ukumbi wa nyuma ya parokia, tunakunywa chai ya maziwa, tunacheza bao la igisoro, tunatembelea wagonjwa. Leo tumebaki tisa. Miye prezidenti wao niko na miaka sabini na mbili, na njo niko kati ya wadogo! Tunataka damu mupya, hata ya watu ambao hawajafika retrete. Valens anasema vijana hawawezi kuketi na wazee. Weye uko kijana, tena muuguzi. Niambie tufanye nini ili waje, na wakija wabaki.

Neno la mwisho. Zamani barua zako zilikuwa zinajaa watoto: huyu amezaliwa mu mutumbwi, yule alitoka na miguu mbele. Tangu Noeli unaniandikia mvua tu. Huko hawazai tena?

Shangazi yako anayekuwaza,
Nyirabagenzi

*

Walikale, tarehe 17 Aprili 2022, siku kuu ya Pasaka

Shangazi mupenzi,

Nakusalimia na furaha ya Pasaka. Barua yako ilitembea mwezi muzima na zaidi. Ilifika na mutu wa pikipiki aliyekuja kutafuta mafuta ya ngazi, imelowa pembeni, lakini nimesoma yote. Rezo ya simu hapa bado hatuna. Koti lilifika, mwambie mama aksanti sana, hata kama joto ya hapa hainipi nafasi ya kulivaa. Watu wako mu uyoga sasa, kila nyumba inanukia uyoga na mawese. Nimenenepa.

Pole kwa Papa Dusabimana. Alikuwa ananipa bonboni nikikuja kukungojea kazini.

Juu ya vijana, unisamehe nikisema wazi. Nilishakuja mu mukutano wenu mara moja. Sala ilichukua nusu saa. Kisha Papa Valens akasoma ripoti ya mukutano uliopita, kisha mukagombana juu ya ripoti, kisha akaniuliza kwa nini suruali yangu imebana. Ni kijana gani atarudia pale? Mufupishe sala. Muache nguo za watu. Mutafute televizyo muonyeshe mupira, watakuja wengi. Na muwaite kwa majina, si "weye kijana".

Kazi iko. Siku hizi niko zaidi upande wa chanjo na vidonda. Mambo ya uzazi, kuko mama mumoja muzee hapa, Joséphine-Marie, mukunga wa tangu zamani, mutu wa kabila ya Wanyanga. Anasaidia sana. Ni yeye anayewapokea wamama, anajua hata majani na nyimbo za desturi yao. Basi, mutoto hakosi mutu wa kumudaka.

Mvua bado inanyesha.

Mutoto wako,
Uwizeye

*

Mweso, tarehe 15 Mei 2022

Uwizeye wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Dada yako aliyeolewa kule Kashuga amepata kazi ya kupikia walimu. Baba yako ameuza maharagi vizuri. Miye magoti yanauma, lakini ni magoti.

Tulifuata mashauri yako. Tukaazima televizyo. Vijana walikuja zaidi ya makumi ine! Walijaa mpaka madirishani. Nilifurahi kama mutoto. Nikapitisha chai, wakapokea vikombe bila kugeuza macho. Papa Valens alikuwa amevaa kravati, amejifunza maneno ya kuwakaribisha. Alingojea mapumziko ya mechi ayaseme, lakini wakati wa mapumziko wote walitoka inje. Filimbi ya mwisho ilipolia, sale ikabaki na sisi tisa na vikombe. Tulifanya hivyo mara tatu. Ya ine Valens akakataa: "Tumekuwa watu wa kufungua mulango."

Mutu mumoja tu alibaki, na alibakishwa na mvua. Anaitwa Byukusenge, ana miaka makumi mbili na ine, anafanya kazi ya uzalishaji kwenye kituo kimoja cha mulimani. Alikuwa anaangalia simu yake. Mvua ikakawia, akatuangalia mumoja mumoja, akauliza:

"Siye hatuwajui. Mulikuwa nani, nyinyi?"

Nikamwambia: "Miye nilikuwa muzalishaji, kama weye."

"Ulizalisha watoto wangapi?"

Uwizeye, sikujua. Miaka makumi tatu na tisa, sikujua. Mama Uwamariya naye, tuliyefanya naye kazi, hakujua. Tukabaki tukicheka kama wajinga. Byukusenge hakucheka. Aliweka simu mu mufuko na kusema kwa sauti ndogo: "Basi kuko watu wanatembea huku inje na hamuwajui."

Mbonigaba akarukia neno lile. Amepita kwa mapadri na kwa wachungaji, watatangaza makanisani: kila mutu aliyezaliwa mu mikono ya Nyirabagenzi ao ya Uwamariya aje kiwanjani, siku ya yenga tarehe 12 Juni, nyuma ya misa. Valens anasema watakuja watu kumi. Miye nimeomba Mungu wafike makumi mbili, ili tusione haya.

Weye pia njo wa mikono hii. Ulizaliwa ukinyamaza, nikakupiga mugongo mara tatu ndipo ukalia. Sasa tena unanyamaza.

Shangazi yako,
Nyirabagenzi

*

Mweso, tarehe 20 Juni 2022

Uwizeye mutoto wangu,

Sijapata jibu lako lakini siwezi kungoja. Nyumbani wote wazima. Nitaandika taratibu.

Siku ile tulitangulia kiwanjani na viti tisa na sufuria mbili za chai. Ukungu ulikuwa haujapanda. Tuliketi. Hakuna mutu. Valens akanitazama, akaangalia chini. Halafu Mama Uwamariya akasema: "Kuko makelele gani kule juu?" Ukungu ukaanza kufunguka, tukaona njia ya Kashuga. Uwizeye, mulima ulikuwa unatembea. Watu walishuka mustari kwa mustari, wamevaa nguo za misa, wamebeba watoto, wengine wanaimba. Tukageuka upande wa Kitshanga: vilevile. Watu wa kambi ya wakimbizi, watu wa mashamba, wachungaji wa ng'ombe na fimbo zao. Mbonigaba alianza kuhesabu. Alipofika mia ine na kumi akaacha, akavua kofia.

Walikuja mumoja mumoja. Mwanaume mwenye mvi, mukubwa kama mulango, akapiga magoti mbele yangu: "Mama, niliambiwa nilitoka na matako mbele." Nikamukumbuka! Nilifanya kazi na mutu yule saa tano, jasho ikinitoka, na alikuwa kitu kidogo cha kubeba mu kitambaa. Mama mumoja alikuja na binti yake na mujukuu wake, wote watatu nilikuwa nimewapokea miye. Waliweka mikono yao juu ya yangu. Nilifikiri: Mungu, hii yote ilipita hapa? Mu vidole hivi vinavyoangusha kikombe? Niliogopa, mutoto wangu. Niliogopa kama mutu anayeingia mu kanisa kubwa peke yake.

Ndipo nikaona mwanaume mumoja amesimama pembeni, karibu na poto ya goli. Watu walikuwa wameketi mu majani kufuatana na mwaka wa kuzaliwa, yeye haketi. Nikamufuata mwenyewe.

"Kaka, weye wa mwaka gani?"

"Themanini na sita. Naitwa Twizeyimana. Lakini sijui kama niko na haki ya kuketi na hawa. Miye nilizaliwa mu mikono yako. Mama yangu alikufia humo."

Nilimujua mbele hajamaliza. Jambo hilo sijakuambia kamwe, sijamwambia hata baba yako. Mama yake alianza kutoka damu kituoni, mahali ambapo sitataja jina. Nilijiona najua. Nilingoja saa moja mbele ya kuita gari. Saa ile moja nimeishi nayo miaka makumi tatu na sita.

Watu walikuwa wanatuangalia. Ningeweza kumwambia ni mapenzi ya Mungu. Nilimwambia: "Nilikosea. Nilichelewa kuita musaada. Mama yako hakuwa na kosa, na weye pia."

Kisha akasema: "Sikukuja kukuuliza kosa. Sina hata picha yake. Weye njo mutu wa mwisho aliyemuona. Alikuwa na sura gani?"

Nikamushika mukono, tukaketi mu majani, nikamuelezea. Meno yake ya mbele yaliyoachana. Namna alivyokuwa anacheka hata mu uchungu, akimutukana mume wake mpaka siye wauguzi tukacheka naye. Mutu muzima yule alinisikiliza akifunga macho.

Siku ya ine iliyofuata niliingia mu sale nikifikiri nitawakuta wengi. Hakuna. Wale wote walirudia mashamba yao, na ni sawa. Lakini kwenye mulango walikuwa wamesimama wasichana watatu, wote wazalishaji, Byukusenge mbele. Akauliza: "Mama, tunaweza kufunga mulango?" Tukafunga. Akasema: "Tangu nianze kazi sijasikia mukubwa akisema mbele ya watu kama alikosea. Miye niko na neno lililonikaa mu tumbo miezi saba." Akalisema. Kisha Mama Uwamariya akasema la kwake, la mwaka wa sabini na tisa. Chai ikapoa. Hata Valens alisema la laboratwari, akalia, akaomba asamehewe juu ya suruali za watu.

Sikuulizi kitu, Uwizeye. Nimekuelezea yaliyotokea, basi.

Shangazi yako,
Nyirabagenzi

*

Walikale, tarehe 28 Agosti 2022

Shangazi,

Nakusalimia. Daraja ilikuwa imekatika, barua zako mbili zilifika siku moja. Nilizisoma nikiwa nimeketi juu ya beseni iliyopinduliwa, na nikazisoma tena.

Mwezi wa kumi na mbili, wiki moja mbele ya Noeli, mama mumoja alitokwa na damu hapa. Nilifanya yote niliyofundishwa. Pikipiki ya kumupeleka ilichelewa, maji ilikuwa imejaa njiani. Mutoto alipona, mwanaume. Mama yake alikufa asubuhi. Ndugu zake walikuja kumuchukua, hawakunitukana, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi. Tangu siku ile sijadaka mutoto hata mumoja. Mwanamuke akifika na uchungu, namuita Joséphine-Marie, miye nabaki inje nikisafisha mabeseni ambayo ni safi. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nilitaka kwenda Goma kuuza nguo.

Joséphine-Marie aliniona nikilia juu ya barua yako, akauliza kama kuko kifo. Nikamugeuzia yote mu Kinyanga yangu ya kuvunjika. Alisikiliza akimenya ndizi. Nilipofika kwa yule Twizeyimana akaacha kumenya. Akasema: "Miye ni wanane." Sikuelewa. "Wamama wanane walinifia. Ulifikiri kwa nini ninaimba nikiingia? Nawaita majina yao kwanza, ili wasimame nami." Shangazi, nyimbo zile nilizisikia miezi minane kupitia ukuta, nikifikiri ni desturi ya pori tu.

Siku tatu nyuma yake, saa saba ya muchana, akaletwa musichana wa kuzaa mara ya kwanza. Joséphine-Marie aliinua mukono wake wa kuume, ulikuwa umevimba, nyuki walimuuma mu shamba. Akaniambia: "Leo weye ni mikono, miye ni mudomo." Mpaka leo sijui kama kweli mukono ule haukuweza kufanya kazi.

Niliingia. Nikapiga magoti. Yeye akaimba majina yake manane, halafu akaniangalia, akingoja. Nikaongeza la kwangu, la mama yule wa mbele ya Noeli. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja. Kisha kichwa kikaonekana, kikageuka peke yake, unajua namna kinavyogeuka, kama mutu anayetafuta aliyemuita. Nilikuwa nimesahau kama kinageuka peke yake. Mabega yakafuata, na mutoto mwanamuke akaanguka mu mikono yangu, moto, muzito, anakasirika. Nilibaki nikimuangalia mpaka Joséphine-Marie akanipigia kelele nikate kitovu.

Barua ya kuacha kazi tumeitumia kuwasha moto wa kuchemsha maji.

Mutoto wako,
Uwizeye

*

Mweso, tarehe 29 Septemba 2022

Mutoto wangu,

Salamu. Baba yako mugongo umerudi, ni dalili kama ng'ombe wako vizuri na hana shida ingine. Barua yako niliisoma mara moja peke yangu, na mara ya pili, unisamehe, mu chama. Hawakukutaja jina inje. Mulango ulikuwa umefungwa.

Sasa vijana ni kumi na wane. Wanabaki. Uliniuliza zamani, ao ni miye niliyekuuliza, tufanye nini ili wabaki: tumeacha kuwatafutia michezo. Byukusenge ni sekretere, ripoti yake ni ukurasa mumoja. Mbonigaba anawafundisha namna ya kumubeba mama mu njia mubaya bila kumutikisa, na wao wanatufundisha dawa mupya ambazo wakati wetu hazikuwa. Mutu akiwa na neno zito, anageuza kikombe chake, tunajua. Wiki jana muuguzi mumoja kijana alikuja akikimbia kutoka kazini, mikono bado inanukia sabuni, akageuza kikombe mbele ya kuketi. Valens akamusogezea kiti chake mwenyewe. Niliangalia wazee wale na watoto wale, vichwa vimeinamishwa pamoja. Tulikuwa tunawaomba waje kubeba masanduku yetu. Kumbe walikuwa wamebeba mizigo zaidi yetu, na hawakuwa na mahali pa kuiweka.

Joséphine-Marie tumemuandika mwanachama. Valens aliuliza kama yuko mu retrete. Nikamwambia hapana, na hatakuwa.

Sasa neno gumu. Mutoto mwanaume yule aliyepona, wa mwezi wa kumi na mbili, umeshaenda kumuona? Barua yako haisemi. Nenda. Usiwaombe musamaha mulangoni, kwani utawapa kazi ya kukutuliza. Keti kwanza, wao watauliza wanachotaka. Twizeyimana alingoja miaka makumi tatu na sita kuuliza neno moja.

Shangazi yako,
Nyirabagenzi

*

Walikale, tarehe 13 Novemba 2022

Shangazi mupenzi,

Salamu kwako na kwa wote wa siku ya ine. Joséphine-Marie amefurahi kuandikwa. Anataka kujua kama chai ya maziwa itamufikia huku.

Nilikwenda. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kuvuka mito miwili. Joséphine-Marie alinisindikiza mpaka muto wa pili, akasema pale niende peke yangu.

Bibi wa mutoto alikuwa anatwanga na wanawake wengine wawili uwanjani. Alinijua. Akaweka muti wa kutwangia chini, akaniletea kiti kidogo. Sikusema musamaha. Niliketi. Mutoto alikuwa anatambaa karibu na kinu, munene, ana meno mawili. Alikuja kwangu moja kwa moja, akanishika nguo, akasimama. Nikamushika ili asianguke.

Nikauliza: "Anaitwa nani?"

Bibi akasema: "Hana jina. Tunamuita Mutoto. Binti yangu, wakati wa mimba, alisema jina amelichagua na atalitaja siku ya kuzaa tu, ili lisichoke mbele. Tulimucheka. Padri amekuja mara mbili kumubatiza, nimekataa. Siwezi kumupa jina lingine juu ya lile ambalo mama yake alimupa na hatulijui."

Shangazi, kuko neno sikukuandikia. Sikumuambia mutu yeyote, hata Joséphine-Marie, kwani kila mara nikilifikiri nilisikia sauti ya mama yule. Nilipomuwekea mutoto juu ya kifua, mbele ya damu kuanza, alimuangalia akacheka, akasema jina mara mbili. Niliona kama halikuwa langu la kubeba, na nilikuwa nimekimbia nalo miezi kumi na moja.

Nikasema: "Mama, alilitaja. Nilikuwa pale. Alisema: Isidore."

Bibi hakulia mara moja. Alipiga magoti mbele ya mutoto, akamushika uso, akasema polepole, kama mutu anayeonja chakula: "Isidore." Mutoto akamuangalia. Akasema tena kwa nguvu. Wanawake wawili wakaacha kutwanga, mumoja akakimbia njiani akiita, na watu wakaanza kutoka manyumbani, kila mutu akifika anainama mbele yake, anamuita jina, anamupisha mwingine. Niliwaangalia wakija mpaka jua likapita juu ya miti. Yeye alikuwa amekaa mu majani katikati yao, anageuza kichwa kila wanapomuita.

Mutoto wako,
Uwizeye